Fundi Nyuma ya Pazia

Jumapili hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, Mzee Cleophace Mutayoba aliinama kando ya gari lake akaona petroli ikidondoka mchangani. Alikinga kiganja, akanusa, akajifuta kwenye suruali yake mpya, kisha akatazama huku na huku kama mtu aliyejikwaa mbele za watu.

Na watu walikuwepo. Mtaa mzima pale Nyakato ulijua kwamba siku hiyo mtunza ghala wa kiwanda cha nguo anamtoa binti yake kwenda kuolewa Sengerema, na kwamba bibi harusi atafika kivukoni kwa gari. Mwenyewe ndiye aliyetangaza. Wakwe walipouliza kwa upole kama mwali aletwe kivukoni kwa basi, alicheka akasema, "Basi? Mwanangu atateremka kwenye gari la baba yake." Sasa gari hilo, Anglia ndogo ya rangi ya maziwa, kuukuu lakini linalong'aa, lilikuwa limefungwa maua ya karatasi mbele na nyuma, na lilikuwa linavuja.

"Mzee, hilo linakojoa," alisema jirani yake Mihayo, aliyekuwa ameegemea mkokoteni wake wa kubebea magunia.

"Ni umande."

"Haya. Mimi nikiwasha sigara nitasimama mbali na umande wako."

Mihayo hakuwa mtu mbaya. Alipanda baiskeli mwenyewe akaenda Igoma kumwita fundi Seif, ingawa alikiri akiondoka kwamba anataka tu kuona mwisho wa kisa.

Seif alifika saa tatu na nusu. Alifungua boneti, akachomoa kitu cha chuma ubavuni mwa injini, akakitikisa sikioni.

"Mzee, pampu imekufa. Mpira wa ndani umepasuka."

"Mwingine unapatikana wapi?"

"Uingereza."

Mzee Mutayoba alikaa kwenye tairi.

"Lakini," Seif aliendelea, akifungua mfuko wake, "nina hii. Niliitoa kwenye Morris ya marehemu mwalimu mmoja. Ile yako inasukumwa na injini. Hii haisubiri injini. Inakula umeme wa betri, inapiga tik, tik, tik, inavuta petroli yenyewe."

"Umewahi kuifunga kwenye Anglia?"

"Nimewahi kuifungua kwenye Morris."

"Hilo silo nililouliza."

"Ndilo jibu nililo nalo, mzee."

Hakukuwa na njia nyingine. Taksi za mjini zilikuwa kwenye foleni ya petroli tangu Ijumaa. Tena Serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili nchi ibane mafuta. Kivuko cha mwisho kingeondoka saa nane na nusu. Ndoa ilikuwa Jumatatu asubuhi, na padri alikuwa amesema wazi kwamba akitoka hapo anakwenda vigangoni mwezi mzima. Kwa hiyo gari lilitakiwa liwake, lifike kivukoni na lizimwe kabla ya saa nane. Saa ilikuwa inakaribia nne.

"Mkokoteni wangu," alisema Mihayo, "hauna pampu kabisa."

"Mihayo, nenda nyumbani."

"Nyumbani kwangu ni hapa jirani, mzee. Nikienda bado nitaona."

* * *

Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la maua mekundu, Immaculata alikuwa ameketi mkekani, amepakwa samli hadi vidole vya miguu. Hiyo ilikuwa siku ya saba. Shangazi yake Jovitha alikuwa amekuja kwa meli kutoka Bukoba kuja kumweka ndani kama inavyotakiwa kwa binti wa Kihaya, na masharti yake yalikuwa matatu: mwali haonekani na wanaume, sauti yake haitoki nje, na hagusi chuma.

Sharti la tatu aliliongeza Shangazi mwenyewe. Immaculata alikuwa fundi umeme wa mashine za kusokotea nyuzi pale kiwandani, mwanamke pekee katika karakana ile, na habari za ovaroli yake zilikuwa zimevuka maji hadi Sengerema. Mama wa bwana harusi, Bi Odeta, alikuwa ameuliza kama ni kweli msichana hupanda ngazi na koleo kiunoni. Shangazi Jovitha aliapa kwamba hayo yamekwisha, kwamba mtoto ni mpole, anaogopa hata jogoo. Immaculata aliposikia ahadi hiyo alinyamaza. Alimpenda Malimi, mchumba wake, aliutaka ukwe wake, na alitaka kupokelewa vizuri. Angeweza kumwogopa jogoo kwa siku chache.

Lakini masikio hayapakwi samli. Alisikia nyundo, alisikia spana ikianguka, alisikia Seif akisema, "Naona tumemaliza, mzee, washa," na hapo akasimama.

"Shangazi! Muulize tundu la pampu ya zamani ameliziba na nini."

"Kaa chini."

"Shangazi, ile pampu imetoka, pale pamebaki tundu. Injini ikiwaka, oili yote itarukia hapo. Itamwogesha baba na suruali yake."

Shangazi Jovitha alimtazama. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye heshima zake, na hakupenda kaka yake aogeshwe oili. Alitoa kichwa dirishani, akihakikisha pazia halifunuki.

"Wewe fundi! Mwali… hapana. Mimi nauliza. Tundu la pampu ya zamani umeliziba na nini?"

"Tundu gani, mama?" aliuliza Seif. Kisha akainama, akatazama. "Ee! Lipo."

Uani watu walipiga kelele ya furaha. Mihayo alipiga makofi.

Maagizo yakatoka dirishani. Bati gumu: kifuniko cha kopo la samli kilikatwa kwa mkasi wa fundi, ingawa Shangazi alilalamika kwamba samli ilikuwa bado nusu. Kati ya bati na injini ilitakiwa karatasi nene iliyopakwa grisi. Mzee Mutayoba alitoa mfukoni kadi ya mwaliko ya harusi.

"Ya nani hiyo?" aliuliza mkewe, Adventina, aliyekuwa akipita na sufuria.

"Ya meneja wa kiwanda. Ameirudisha. Ana udhuru."

Adventina aliichukua ile kadi, akasoma jina, akampa Seif. "Kata," alisema. "Kata katikati ya jina."

Kwa hiyo meneja alihudhuria kwa namna yake, akiwa amebanwa kwa boliti mbili.

Waliunganisha betri. Wakafungua swichi. Pampu haikusema kitu.

"Nilijua," alisema Mzee Mutayoba. "Maiti ya Morris."

Nyuma ya pazia, Immaculata alikuwa akizunguka chumba, nyayo zake zikiacha alama za samli sakafuni. "Shangazi, muulize ameifunga juu ya rangi?"

"Fundi! Umeifunga juu ya rangi?"

"Ndiyo, mama. Mzee amekataa nisikwangue. Kasema gari la harusi halichubuliwi."

"Umeme lazima urudi kupitia mwili wa gari," Immaculata alinong'ona, "na rangi inauzuia. Wakwangue mpaka chuma kiwe cheupe, kama sarafu ya shilingi."

Shangazi alilipeleka hilo nje lote, neno kwa neno. Mzee Mutayoba alisimama kati ya fundi na gari lake akiwa amenyoosha mikono.

"Rangi hii niliisugua kwa mkono wangu miaka sita. Haikwanguliwi."

Shangazi alirudisha kichwa ndani. "Amekataa."

"Mwambie achague, rangi au mkwe."

"Cleophace!" Shangazi alinguruma, na hapo hakusubiri tena mwali, alikuwa ameanza kuonja utamu wa kazi. "Unachagua rangi au mkwe? Sema hapa hapa, watu wasikie!"

Watu walitaka kusikia. Mzee Mutayoba alichukua msasa mkononi mwa Seif. Alisugua mwenyewe, amefumba macho, kama anayenyoa kichwa cha mtoto aliyelala. Seif akakaza skrubu.

Tiktiktiktiktiktik.

Uwanja ulilipuka. Adventina alipiga vigelegele na sufuria mkononi. Mihayo aliuzungusha mkokoteni wake mara mbili. Mzee Mutayoba alifumbua macho, akaona chubuko jeupe na pampu inayocheza juu yake, akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, linaongea."

"Kimya!" Shangazi alipaza sauti kutoka dirishani, mkono juu. "Mwali anasikiliza… Nasikiliza!"

Immaculata alikuwa amebandika sikio kwenye pazia. "Tik zake zinakwenda mbio mno. Ingekuwa inavuta petroli zingepungua. Inavuta hewa. Muungano wa mpira upande wa tangi umelegea."

"Inavuta hewa!" alitangaza Shangazi. "Fundi, ingia uvunguni! Upande wa tangi! Mbona unanitazama mimi, mimi ndiye tangi?"

Seif aliingia. Muungano ulikuwa umelegea kweli, na hakuwa na kitu cha kuubana. Adventina ndiye aliyeng'oa waya mwembamba kwenye maua ya karatasi, ua moja, mawili, matatu, akampa uvunguni. Gari likabaki na maua nyuma tu. Waya ukazungushwa, ukasokotwa kwa koleo.

Tik tik tik tik. Tik, tik. Tik. Tik.

Kisha kimya.

"Imekufa!" Mzee Mutayoba alishika kichwa. "Imekufa tena!"

Shangazi alirudi ndani na uso wa msiba. Immaculata alikuwa anacheka, mikono yote miwili mdomoni, ili sauti isitoke nje.

"Haijafa, Shangazi. Imeshiba. Kabureta imejaa, ndiyo maana imenyamaza. Waambie wawashe."

Shangazi Jovitha hakwenda dirishani. Alitoka hadi uani kwa miguu yake, akasimama mbele ya gari, akasema kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa gereji, "Imeshiba. Washa."

Anglia ilikohoa mara moja, ikashika. Ilikuwa saa saba na dakika tano.

* * *

Mwendo wa kutoka Nyakato hadi kivukoni si wa saa nzima hata kwa gari lililochoka. Mzee Mutayoba alishika usukani, Seif alikaa ubavuni mwake na spana mapajani, na nyuma walikaa Shangazi na mwali, aliyevaa gauni jeupe na shela nzito iliyomfunika hadi kifuani. Adventina alibaki nyumbani, kwa kuwa mama hamsindikizi bintiye. Alimkumbatia mara moja tu, haraka, na alipomwachia alikuwa na samli shavuni.

Hapo ndipo Shangazi alipokosea, na hakuna atakayemlaumu isipokuwa asiyejua desturi. Kwao mwali hapelekwi mbio. Mwali huenda kama asiyetaka kwenda.

"Polepole, Cleophace."

"Dada, saa saba na robo."

"Unataka waseme tumekwenda kumtupa? Polepole!"

Akaenda polepole. Akina mama wa mtaa walitembea kando ya gari wakiimba, na kila walipochoka walishika mlango kupumzika. Mabatini walipita saa saba na nusu. Pale Mlango Mmoja, mkokoteni ulitokea nyuma yao ukiwa mtupu, ukalifikia gari, ukalipita.

"Niwavute?" aliuliza Mihayo, akipunga mkono bila kupunguza mwendo.

"Huyu mtu anakwenda wapi?" alifoka Mzee Mutayoba.

"Kivukoni! Nataka kuona mwisho!"

Chini ya shela Immaculata alikuwa akitazama saa ya mkononi ya Seif kupitia bega lake. Ilisema saa nane kasoro kumi na mbili. Alikibonyeza kidole cha Shangazi. Shangazi naye akakibonyeza cha kwake, kwa maana ya kwamba atulie. Saa nane kasoro tano. Saa nane kasoro moja.

Walipofika juu ya mteremko wa mwisho waliliona ziwa, waliona kivuko kimetega mlango wake, na barabarani kati yao na kivuko walimwona Koplo Shimba wa usalama barabarani, ameinua mkono mmoja, akitazama saa kwenye mkono wa pili.

"Ndugu, zima gari. Saa nane na dakika mbili."

"Koplo, ni harusi. Kivuko hicho hapo!"

"Nakiona, ndugu. Hongereni. Zima."

Injini ilizimwa. Ghafla kukawa kimya hata wakasikia maji yakigonga mawe. Mzee Mutayoba aliteremka, akavua kofia, akaeleza yote tangu tone la kwanza: pampu, kadi, rangi. Koplo Shimba alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu zake zilikuwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua.

"Inasema gari la mtu binafsi lisiendeshwe. Mimi siwezi kuongeza, siwezi kupunguza."

"Mwali ateremke atembee?" aliuliza Shangazi kutoka ndani, na sauti yake kwa mara ya kwanza siku hiyo ilitetemeka. "Mbele ya wakwe? Wamekwisha vuka, wamesimama pale wanatutazama! Atembee na vumbi hili?"

Ilikuwa kweli. Kando ya kivuko palikuwa na kikundi cha watu wenye kanga mpya, na mbele yao mwanamke mrefu aliyekinga jua kwa kiganja. Bi Odeta.

"Na likisukumwa?" aliuliza Mihayo, aliyekuwa amekaa juu ya mkokoteni wake.

Koplo alisoma tena. "Kusukumwa hakukuandikwa."

"Tunasukuma!" Seif aliruka nje. Mzee Mutayoba akakimbilia usukani.

"Hapo, ndugu, ngoja. Una leseni?"

"Ninayo! Safi kabisa!"

"Basi wewe ni dereva. Dereva akishika usukani na gari likatembea, anaendesha. Nitakuandika. Fundi naye ana leseni?"

"Ninayo," alisema Seif kwa huzuni.

"Basi na wewe usishike. Anahitajika mtu asiye dereva."

Mihayo alirudi nyuma hatua mbili na kusema yeye akishika kitu chenye magurudumu manne hukiingiza mtaroni. Shangazi alisema afadhali afe. Kivuko kilipiga honi ya kwanza.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Immaculata aliteremka, gauni mkononi, akaingia mbele na kukaa kwenye usukani. Hakuwahi kuendesha gari maishani mwake. Lakini breki zile alizijua moja moja. Ni yeye aliyezifunga upya mwaka uliopita.

"Immaculata!" Shangazi alilia kwa kunong'ona. "Bi Odeta anaona!"

"Najua, Shangazi. Sukumeni."

Wakasukuma: baba, fundi, jirani, na baada ya kufikiri kidogo Koplo Shimba pia, kwa sababu hata hilo halikuandikwa. Hatua tano, sita. Kisha mteremko ukalichukua gari kutoka mikononi mwao. Anglia ikashuka kimya kabisa, bila injini, maua ya karatasi yakipepea nyuma, shela ikijaa upepo dirishani, Shangazi Jovitha akimtaja Bikira Maria na watakatifu wote kutoka kiti cha nyuma, na wanaume wanne wakikimbia vumbini wakipiga kelele, "Breki! Breki!" Wakwe walitawanyika huku na huku. Bi Odeta peke yake hakusogea.

Gari lilisimama hatua mbili mbele yake.

Shangazi alitoka kwanza, akiweka sawa kilemba. "Shikamooni wakwe," alisema, ingawa waliokuwa mbele yake wengi walikuwa wadogo kwake. "Mwali hajui kuendesha. Ni mteremko tu."

Bi Odeta alilizunguka gari taratibu. Alitazama chubuko lililoonekana chini ya boneti ambayo haikufungwa vizuri. Alitazama ndani.

"Na breki nayo ilikanyagwa na mteremko?"

Mzee Mutayoba alifika akihema, akafungua mdomo, hewa ikatoka peke yake. Kivuko kilipiga honi ya pili. Immaculata aliona kwamba uongo wa Shangazi umebaki pale katikati, unamsubiri yeye auokote. Angeweza. Ilikuwa kunyamaza tu.

"Nimekanyaga mimi, mama," alisema. "Na mimi ndiye niliyeelekeza gari litengenezwe. Na jogoo pia simwogopi."

Shangazi alifumba macho.

Bi Odeta aliingiza mkono ndani ya gari, akamshika mwali mkono, akaugeuza, akautazama kwenye mwanga. Ulikuwa laini kwa samli, na chini ya samli sugu za koleo zilikuwa palepale.

"Mwanangu Malimi," alisema polepole, "ana baiskeli. Kila inapopata pancha anaipeleka mjini kuzibwa. Taa ya sebuleni kwetu haijawaka tangu Pasaka. Kila Jumapili anapanda juu ya kiti, anaitazama, anashuka. Mimi nimechoka, mwanangu. Nimechoka kabisa."

Immaculata alianza kucheka. Alijaribu kuzuia, ikawa mbaya zaidi. Alicheka akiwa ameinamia usukani, mabega yakiruka, hata machozi yakamwagika na kulowesha shela. Kwa Wahaya na Wasukuma vilevile, bibi harusi anapokabidhiwa ukweni hutakiwa alie, na asiyelia huhesabiwa kuwa hakulelewa. Shangazi Jovitha alifumbua jicho moja. Akaona mabega, akaona machozi, akaona wakwe wote wanatazama.

"Analia!" alipaza sauti, amejaa furaha, mikono yote miwili juu. "Mnamwona? Mwali analia!"

Vigelegele vikapanda, na Bi Odeta mwenyewe ndiye aliyepiga cha kwanza.